Mdomo wa Shamba la Mzee Melkior

Haya yalimpata Aneth, mpangaji mwenzangu hapa Makanyagio. Nayasimulia mimi kwa sababu yeye akianza huishia katikati. Anayemjua Aneth atakubali kwamba si mtu wa kubuni mambo. Akikuambia atafika saa nne, saa nne kamili unasikia hodi. Alisomea kilimo Morogoro, akarudi Mpanda akaajiriwa na mradi unaowasaidia wakulima wa mahindi kuyaona mashamba yao kutoka juu, kwa droni na kwa picha za setilaiti zinazoingia kila baada ya siku tano. Ugonjwa ukianza kwenye kona moja, picha inabadilika rangi kabla mkulima hajaona hata jani moja limejikunja. Kwa jinsi viwavijeshi walivyotutesa mkoa huu, hakuna aliyeubeza mradi huo.

Kikundi alichopewa kilikuwa karibu na Majimoto, kule kwao Mpimbwe. Wakulima kumi na tisa. Ili shamba liingie kwenye mfumo, mwenyewe anapewa simu ya mradi, anatembea mpakani kote, na mstari unajichora kumfuata mpaka urudi ulipoanzia na kujifunga. Kazi ya nusu saa. Kumi na wanane walishatembea. Aliyebaki alikuwa Alois, kaka yake Aneth wa tumbo moja, na watu kwenye kikundi walishaanza kumsema Aneth kwamba mganga hajigangi.

Alois hakuwa mvivu. Shida ilikuwa marehemu baba yao, mzee Melkior. Mzee alilifyeka shamba lile kwa mikono yake, kisha akaliwekea dawa dhidi ya wezi, ngiri na macho ya watu, kama walivyofanya wazee wengi waliokuwa mstari wa mbele kanisani kila Jumapili. Dawa ilizungushwa mpakani kote, ukaachwa uwazi wa hatua kumi hivi upande wa nyumba. Uwazi ule aliuita mdomo wa shamba. Watoto wake aliwapa sharti moja: ukizunguka mpaka, ukifika mdomoni, geuka urudi ulikotoka. Usiuzibe kwa miguu yako. Sababu hakuitaja, na mzee Melkior hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Februari. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jua likatoka safi, siku nzuri kabisa ya kurusha droni. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, yamempita mtu kichwa. Walikunywa uji uani, Pelagia mke wa Alois akapepeta mchele huku akiuliza habari za mjini, na binti yao wa pekee, Donatille, wa miaka sita, akamganda shangazi yake akiomba aishike droni hata kidogo. Alois alichukua simu ya mradi, akatia panga kwapani, akaenda kuanza mpaka.

Baada ya nusu saa alitokea upande wa pili wa mdomo. Hapo akasimama.

"Pametosha," alisema.

Aneth alitazama kishikwambi chake. Mstari wa njano ulikuwa umelizunguka shamba lote, umebakiza pengo dogo.

"Mfumo haukubali, kaka. Lazima ufunge."

"Unajua alichosema baba."

"Baba hakuwa na setilaiti. Hatua kumi tu, kaka. Unanitia aibu kwa watu."

Sentensi hiyo ya mwisho Aneth ameirudia kwangu mara nyingi. Alois alimtazama, akacheka kile kicheko cha kaka anayemwachia mdogo wake ashinde. Akatembea. Simu ikalia kidogo, mstari ukageuka kijani, jina lake likaingia kwenye orodha. Alimrudishia Aneth simu, akajipapasa kwapani, akasema amesahau panga kona ya kusini, analifuata mara moja. Akaingia kwenye mahindi.

Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena kwa macho yake.

Aneth alirusha droni. Ilipanda, ikatulia, ikaanza kwenda na kurudi juu ya shamba ikipiga picha. Pelagia aliacha ungo wake akaja kutazama kwenye kioo cha kishikwambi. Walimwona Alois na shati lake la bluu, anatembea mpakani. Alifika kona ya kusini. Hakuinama kuchukua kitu. Alipinda na kona, akaendelea na mpaka.

"Anatafuta nini huko?" Pelagia aliuliza.

"Labda anakagua."

Alipinda kona ya pili. Akapinda ya tatu. Alikuwa anatembea mwendo mmoja, mikono imeshuka, hatazami kushoto wala kulia. Akaingia upande wa nyumba, akawa anakuja pale walipokuwa wamesimama wao, mdomoni. Kwenye kioo, kutoka juu, Aneth aliiona kofia yake mwenyewe. Aliiona kanga ya Pelagia. Katikati yao akapita mtu wa shati la bluu.

Waliinua macho. Hapakuwa na mtu.

"Wifi," Pelagia alinong'ona, ameshika bega lake la kulia. "Kuna kitu kimenigusa hapa. Cha baridi."

Kwenye kioo Alois alikuwa ameshawapita. Alikuwa ameanza tena.

Walimtafuta siku tisa. Kijiji kizima kiliingia shambani, mstari kwa mstari, wanaume wakiita, mbwa wakikataa kuvuka mpaka. Panga lilipatikana kona ya kusini, limelala juu ya udongo. Taarifa ilipelekwa polisi. Watu nao hawakosi la kusema: wengine wakasema simba katoka hifadhini, wengine wakasema Alois ana mwanamke mwingine Kigoma, na waliosema hivyo ndio waliokuwa wa kwanza kuja msibani kula. Pelagia alikataa neno msiba. Alikuwa anajua mume wake yuko wapi, kwa sababu kila Aneth aliporusha droni, alikuwepo.

Baba yao mdogo, Amedeus, hakuamini mambo ya kwenye kioo. Siku ya kumi alisema yeye mwenyewe ataingia, simu sikioni, Aneth amwelekeze. Saa sita mchana, jua la utosi. Aneth alibaki mdomoni na droni ikiwa juu.

"Nenda mbele, baba mdogo. Kushoto kidogo. Hapo hapo. Anakuja upande wako."

"Anakuja nani? Sisikii hata sauti."

"Hatua tano. Tatu." Aneth alishusha sauti bila kujua kwa nini. "Simama. Yuko mbele yako."

"Hapa kuna mahindi, mwanangu."

"Yuko mbele yako, baba mdogo. Amesimama."

Kwenye kioo walikuwa wawili, uso kwa uso, kofia ya mzee na kichwa cha Alois. Halafu Alois aliinua mkono. Aliuweka kifuani kwa baba yake mdogo, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Aneth alisikia simuni mzee akivuta pumzi.

"Toka," Aneth alisema. "Toka, baba mdogo. Toka sasa hivi."

Mzee alitoka akikimbia. Kwa umri wake, alikimbia. Alipofika uani alikaa chini. Vifungo vya shati lake vyote vitano vilikuwa vimefunguliwa.

Aneth alijaribu kila alichojifunza na ambacho hakujifunza. Aliufuta mpaka wa Alois kwenye mfumo. Ukafutika. Siku tano baadaye picha ya setilaiti ikaja na mpaka ule ule, wa kijani, umefungwa. Akapiga simu ofisi kuu, kijana wa huko akamwambia dada, hilo shamba halipo kwenye orodha yetu, na akamtumia orodha kumthibitishia. Kwenye orodha halikuwepo. Picha ziliendelea kuja. Padri alikuja akanyunyizia maji ya baraka mpakani kote, akasali vizuri, na Aneth akaona kwenye kioo Alois anamfuata padri nyuma, hatua kwa hatua, hadi mdomoni. Padri akavuka akaenda kunywa chai. Alois akabaki pale amesimama.

Aliyekuwa na walau nusu ya jibu ni shangazi yao Theopista, dada wa marehemu. Siku ile Melkior anaweka dawa, yeye alikuwa msichana, alimshikia kibuyu. Alilia kwa kushindwa kukumbuka.

"Mimi nilikuwa nashika tu kibuyu, jamani. Nakumbuka neno moja. Mtu akifungiwa, msivune. Shamba likivunwa, vilivyomo vyote vinakuwa mavuno."

"Na kumfungua?"

"Alijua yule mganga wa kaka yangu. Jina lake limenitoka. Mniache kidogo, litakuja."

Basi wakawa wanasubiri kumbukumbu ya bibi kizee, na mahindi hayasubiri mtu. Machi yakabeba. Aprili yakakomaa. Mei majani yakaanza kunyauka kutoka chini, na rangi ya shamba kwenye picha za setilaiti ikashuka kutoka kijani kwenda njano, kama ilivyo kwa shamba lolote linalokauka. Aneth alishafundisha wakulima maana ya rangi hiyo. Hakuna mwaka aliowahi kuiogopa.

Alois naye alikuwa anakauka. Kila wiki kivuli chake kilikuwa chembamba zaidi. Shati la bluu lilipauka, likawa la rangi ya majani makavu, hadi ikabidi Aneth asogeze picha karibu ili amtofautishe na mabua. Hakuwa anazunguka tena mara nyingi. Akitembea upande mmoja alisimama, akakaa sana, halafu akaendelea. Juni ilipoingia alikuwa anasimama tu mdomoni, ndani, ameelekea nyumbani kwake. Pelagia alikuwa anaweka kigoda upande wa pili, nje ya mpaka, anachambua maharage hapo mchana kutwa na kumsimulia habari za mtoto. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

Majirani wote walishavuna. Shamba la Alois likabaki peke yake limesimama, mabua yanagongana kwenye upepo. Ghala la Pelagia lilikuwa tupu. Waliomwona anawachemshia watu wake maboga kila siku, huku mahindi yamekauka hatua kumi kutoka jikoni, walijua huzuni imemzidi. Hawakuwa wanajua zaidi, kwa sababu Amedeus aliwakataza wana ukoo kusema. Aliona aibu. Nikifikiria kosa liko wapi katika habari hii yote, nalikuta zaidi hapo.

Katikati ya Juni, shangazi Theopista aliamka na jina. Makarius. Mganga mwenyewe alishakufa, lakini mwanawe aliyerithi jina na kazi alikuwa anaishi Mpanda mjini, Majengo, nyuma ya soko. Siku hiyo hiyo Aneth na Pelagia walipanda basi, wakamwachia Amedeus kazi ya kulinda shamba, na Donatille wakamwacha kwa jirani.

Makarius alikuwa fundi cherehani, mtu wa suti kuukuu na miwani, na hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja.

"Mahindi bado yamesimama?"

"Yamesimama," Aneth alisema.

"Basi bado mnaye." Aliivua miwani. "Nani alimwambia afunge?"

"Mimi."

"Wewe ndiye utakayefungua. Simama mdomoni pale, uzipite zile hatua kumi kinyumenyume, ukimwita jina lake la ubatizo. Atakufuata. Usiinue macho kumtazama mpaka awe amevuka."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, binti yangu. Ila mahindi yawepo. Yakiondoka, hana pa kutokea."

Pelagia alipiga magoti sakafuni kati ya vipande vya vitambaa akalia kwa furaha. Hakutaka hata maji. Walilala hapa kwa Aneth usiku huo, na mimi ndiye niliyewapikia chai ya asubuhi. Sijawahi kuona wanawake wawili wenye haraka namna ile. Saa kumi na mbili walikuwa stendi. Basi lilipita Sitalike, likaingia hifadhini, mbung'o wakaingia madirishani wakawauma, na Pelagia akawa anacheka na kuhesabu nguo za Alois atakazozifua. Kibaoni wakachukua bodaboda mbili.

Walisikia nyimbo kabla hawajaiona nyumba.

Ilikuwa jumuiya yao. Jumuiya nzima ya Mtakatifu Ana, watu thelathini na zaidi, wanaume na wanawake, wamefunga vitambaa vichwani, wametoka jasho na wanafurahi. Walisikia Pelagia kasafiri. Walisema wamfanyie jambo jema akiwa hayupo, asije akakataa kwa unyonge. Amedeus alijaribu kuwazuia, wakamwambia mzee pumzika, kazi ya Mungu haizuiwi, na yeye akashindwa kutaja sababu mbele za watu. Walianza alfajiri. Mahindi yalikuwa yamerundikwa uani, rundo refu kuliko mtu. Shambani hapakuwa na bua hata moja lililosimama. Walishafyeka mpaka mabua, wakayalaza vizuri.

Mke wa katekista alimkumbatia Pelagia.

"Umeteseka vya kutosha, mama Donatille. Tuliona tusikusubiri."

Pelagia aliangalia rundo. Aliangalia shamba. Mdomo wake ulifunguka, na watu wote wakasubiri.

"Asanteni," alisema.

Aneth alikimbia. Alisimama mdomoni akazipita zile hatua kumi kinyumenyume, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, akiita Alois, Alois, hadi sauti ikakauka, na jumuiya ikamtazama kwa huruma. Alirusha droni. Ilitembea juu ya shamba tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Udongo, mabua yaliyolala, kivuli cha droni yenyewe. Alirusha mpaka betri ya tatu ikaisha. Halafu akakaa chini, na ndipo akaona kwa macho yake, bila kioo, kinjia. Kilizunguka shamba lote mpakani, upana wa mtu mmoja, kimekanyagwa kikawa kigumu na kinang'aa kama njia ya kwenda kisimani ya miaka na miaka. Waliofyeka walishakiona. Walidhani ni Amedeus anayekagua.

Uani, wanawake walikuwa wameshasaga debe moja mashine ya jirani na kupika. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Donatille alikuwa katikati yao, tonge mkononi, anakula kwa pupa kama mtoto aliyechoka maboga.

"Mama," alisema. "Huu ugali unanukia baba."

Pelagia aliunyoosha mkono kuitoa sahani. Mkono ukabaki hewani. Mtoto alikuwa ameshamaliza, anajilamba vidole.

Mahindi yale hayakuliwa tena. Amedeus aliyazika kwenye shimo, watu wakasema ukoo umerukwa na akili. Pelagia aliacha kulima, akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda mdomoni, na hapo ndipo alipo mpaka leo. Donatille aliletwa hapa Makanyagio aishi na shangazi yake, aanze shule. Mtoto mzima, mcheshi, anakula vizuri, anacheza rede na wanangu.

Novemba mvua za kwanza ziliponyesha, Amedeus alipiga simu. Nyasi zimeota shamba zima, alisema, isipokuwa kwenye kile kinjia. Na udongo ukiwa umelainika, kuna nyayo. Za mtu mzima, peku, zinazunguka. Pembeni yake kuna nyingine.

"Nyingine za nani?" Aneth aliuliza.

"Ndogo," alisema mzee. "Zinakwenda naye. Kama ameshikwa mkono."

Aneth alikata simu akaenda chumbani. Ilikuwa asubuhi, mtoto bado amelala, mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo tangu jioni na ufunguo alikuwa nao yeye. Alifunua shuka miguuni.

Sisi hapa Makanyagio udongo wetu ni mwekundu. Maji ninayomwona Aneth anayamwaga kila asubuhi, akitoka kumnawisha mtoto miguu, ni meusi, tope la mbugani kabisa, tope la Mpimbwe. Nilimuuliza, akanieleza yote haya akiwa ameshika beseni. Pelagia hajaambiwa. Makarius alifuatwa, akasikiliza hadi mwisho, akarudi kwenye cherehani yake. Hapo mwanzo tope lilikuwa vidoleni tu. Jana lilikuwa limefika magotini.